Dira ya Baba Kwenye Kioo

Siku hizi nikipanda gari na kuona dereva amebandika simu kwenye kioo cha mbele, na ndani ya simu kuna mwanamke anamwambia kata kushoto, kata kulia, umefika, roho yangu hupanda juu. Abiria wenzangu hudhani naogopa mwendo. Siogopi mwendo. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya miaka ya tisini, na mtu ninayepaswa kumkasirikia sijamjua mpaka leo. Siku nyingine ni mkaguzi wa magari. Mara nyingi ni mimi mwenyewe.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Lori lenyewe lilikuwa la mama mmoja mjane wa kanisa letu la Sabato pale Migori, na mama huyo alimwamini Baba hata akawa hajui lori lake lina gia ngapi. Baba alibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay akazipeleka Homa Bay, na akirudi alibeba chochote kilichopatikana: saruji, mahindi, sukari ya Awendo, hata viti vya harusi. Jumamosi lori lililala na Baba akavaa tai. Ukimuuliza kuhusu kustaafu alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa akicheka: siku watakayonishusha kwenye usukani, tafuteni jembe mchimbe kabisa.

Nyumbani tuliongea Dholuo. Kiswahili Baba alikijua, tena kizuri chenye adabu, maana alikiokota Mombasa akiwa kijana anaendesha malori ya bandarini. Lakini hakukiingiza nyumbani. Kwake Kiswahili kilikuwa cha askari, cha mteja, cha mtu wa njiani usiyemjua. Tulipokuwa wadogo tukitoka shuleni na kumsemesha Kiswahili ili atuone tumesoma, aligeuka nyuma kutafuta huyo mgeni aliyeingia ni nani. Mimi nimekuzaa, alikuwa akisema, halafu uniongeleshe vile unaongelesha karani? Tukacheka, tukarudi kwenye lugha yetu.

Mimi wakati ule nilikuwa nimerudi kwetu kutoka kwenye ndoa ambayo sitaizungumzia hapa, nikaanza biashara ya omena. Nilinunua magunia yangu Muhuru, nikayapakia pamoja na ya watu wengine, nikakaa mbele kando ya Baba mpaka Homa Bay. Ndiyo maana niliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwanza ilikuwa pale njia panda ya Rongo. Ukitoka Migori ukafika pale, kushoto ni Homa Bay, na ukinyoosha unakwenda Kisii. Baba alikuwa amekata kona ile tangu sijazaliwa. Siku hiyo alisimamisha lori kando, injini ikinguruma, akachukua kitambaa akaanza kupangusa kioo. Kioo kilikuwa safi. Akapangusa, akapangusa, kisha akaniuliza bila kunitazama: nyara, leo tunaenda na ipi? Nyara maana yake binti yangu. Nikadhani ananitania. Nikamwambia kwa ukali aache mchezo, omena zitapigwa na mvua, kushoto hapo. Akakata kushoto.

Wiki chache baadaye, tukiwa Awendo, alifuata lori la miwa lililokuwa mbele yetu. Alilifuata kutoka kwenye lami, akalifuata kwenye barabara ya vumbi, mpaka tukajikuta katikati ya shamba la miwa, wakataji wamesimama na mapanga wanatushangaa. Nikamuuliza, Baba, huku tumekuja kufanya nini? Akasema aliyekuwa mbele alionekana anajua anakokwenda. Yawa! Nilimfokea mpaka kurudi barabarani. Mimi nina mdomo, najua. Lakini nilipomaliza kufoka niliona macho yake bado yanalitafuta lile lori la miwa. Nilielewa kwamba yule mjane akijua, atamnyang'anya ufunguo, tena kwa upole, kwa maombi na chai. Na Baba bila lori sikumjua ni nani. Nadhani hata yeye hakumjua.

Basi nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na methali hiyo niliijua vizuri tu. Nilinyamaza hivyo hivyo.

Dira ilikuja yenyewe. Msimu wa mvua, kwenye ule udongo mweusi wa kuelekea Muhuru, tulimkuta mpimaji wa barabara, mgeni kutoka mbali, gari lake limezama matope mpaka kwenye milango. Baba akamfunga mnyororo akamvuta. Yule mtu hakujua la kumpa. Akabandua kitu kwenye kioo cha gari lake akamkabidhi. Kilikuwa na ukubwa wa yai, kina maji ndani, na katika maji yale kuna kigurudumu kinaelea, kimeandikwa herufi pembeni. Nyuma kilikuwa na kikombe cha mpira. Ukikilamba kidogo na kukigandamiza kwenye kioo, kinashika hata barabara iwe mbaya vipi. Ukielekea upande fulani, herufi ya upande huo inakuja mbele yako.

Baba alikipenda kitu hicho kuliko saa yake. Alikibandika katikati ya kioo, usawa wa macho. Mimi ndiye niliyemfundisha herufi. Baba alisoma kidogo sana, alijua kuandika jina lake na kusoma mabango, Kiingereza hakuwa nacho. Tulipogeuza lori kuelekea kaskazini ikaja N, nami nikamwambia kwa kujivuna: unaona, hiyo ni rahisi, N ni Nyandwat. Kwetu Nyandwat ndiyo kaskazini. Alifurahi kama mtoto. Kumbe hawa watu wanajua lugha yetu, akasema. Mimi nikacheka, nikapitiwa na usingizi, na zile herufi nyingine sikumweleza.

Wiki kadhaa zilipita vizuri. Rongo alikata kona bila kupangusa kioo. Alianza tena kuimba nyimbo za kanisani akiendesha. Nilimshukuru Mungu mapema mno.

Siku moja ya mawingu tulitoka Muhuru asubuhi na magunia. Mbele huko kuna njia panda. Barabara moja inakuja Migori, upande wa mawio ya jua, na nyingine inarudi kwenye ziwa, kwenda Karungu. Nilikuwa nasinzia. Nilipoamka, kulikuwa na maji mbele yetu. Tuliondoka ziwani asubuhi, na saa sita mchana tuko ziwani. Wanawake walikuwa wameanika omena kwenye nyavu, wakatuuliza kama tumekuja kununua. Na omena tulikuwa nazo lori zima.

Nilimwambia Baba maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Alinyoosha kidole kwenye dira. Mbele yetu, upande wa ziwa, ilikuwa imesimama W.

"W," akasema kwa Dholuo, taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. "Wuok chieng'. Si ulisema inajua lugha yetu?"

Wuok chieng' ni pale jua linapotokea, mashariki. Machweo kwetu ni podho chieng'. Baba wa watu alikuwa ameona W, akajua hii ni wuok, akaifuata kwa uaminifu wote mpaka ikamtia machweo, kwenye maji. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli, kwa furaha. Kwa sababu basi haikuwa kichwa chake! Ilikuwa ni herufi tu, na kosa langu mimi niliyelala. Nilimwomba msamaha palepale. Njia nzima ya kurudi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetolewa jino.

Tulipofika nyumbani nilikata karatasi, nikaandika kwa kalamu nyekundu herufi kubwa: E — WUOK. W — PODHO. Nikaigandisha kwa selotepu kwenye kioo, chini ya dira. Na ni kweli, ilimsaidia. Ninasema hivi kwa sababu baadaye nilijilaumu hata kwa karatasi. Ilimsaidia. Alikuwa akifika njia panda, anapunguza mwendo, anaangalia herufi, anashuka na macho kwenye karatasi, midomo inasoma, halafu anakata kona. Jambo moja tu sikutaka kulifikiria: kwa nini mtu aliyezaliwa kando ya barabara ile aisome kwenye karatasi.

Kisha ikafika siku ya ukaguzi. Lori lisipopita ukaguzi haliingii barabarani, na yule mjane alituagiza tulipeleke Homa Bay, likapangwa foleni na malori mengine. Nilikwenda naye. Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mtu wa mbali, Dholuo hajui hata salamu. Alikagua breki, taa, magurudumu, akaridhika. Kisha akapanda kwenye kiti cha Baba, akafumba jicho moja, akatazama mbele.

Akatuita. Akaeleza kwa upole kwamba kwenye kioo zinaruhusiwa stika mbili tu, ya bima na ya leseni ya barabara, tena chini kwenye kona. Kitu kingine chochote kinachokaa mahali waipa inapita ni makosa, kinamziba dereva. Alimwambia Baba akae aone mwenyewe: mtoto akisimama kule kwenye mti, anapotelea nyuma ya hicho kitu. Nami nilipanda nikatazama. Ilikuwa kweli. Dira ndogo kama yai ilimficha mtu mzima aliyekuwa amesimama penye mti ule. Ningetamani angekuwa mwongo au mla rushwa, ningejua la kumfanya. Alikuwa anasema ukweli.

"Mzee, hizi barabara unazijua kuliko mimi," akamwambia Baba. "Hii kitu ni ya nini?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi. Ningesema, afande, huyu mzee bila hiyo hafiki. Naye angeandika vizuri kwenye fomu yake, na leseni ya Baba ingeishia palepale. Nisiposema, dira inabanduliwa, naye anaingia barabarani bila kitu. Nilisimama na mdomo wangu huu ambao watu wa Migori wote wanaujua, na haukufunguka.

"Ni pambo tu, afande," Baba akasema. Akapanda, akaingiza kucha chini ya ule mpira, akaibandua mwenyewe. Ilitoa sauti ndogo. Akaitia mfukoni.

Mkaguzi akauliza, na hii karatasi imeandikwa nini? Baba akanitazama. Nikasema ni maombi ya safari. Nilidanganya mbele ya Mungu na serikali, haraka, bila hata kufikiri. Yule kijana akatabasamu, akaibandua kwa uangalifu isichanike, akanikabidhi.

"Maombi yakae moyoni, mama. Si kwa kioo."

Tulipita. Tulipewa cheti, na mkaguzi akatushauri kwamba kama mzee anakipenda sana kile kitu, akiweke chini kwenye dashibodi, huko hakuna shida. Tukamshukuru.

Tulijaribu dashibodi. Haki ya Mungu tulijaribu. Lakini lori lile lilikuwa na redio, na redio ilikuwa na spika kubwa, na spika ina sumaku. Dira ilipowekwa pale iligeuka ikaitazama redio. Ukienda Migori, inaitazama redio. Ukienda Homa Bay, inaitazama redio. Tukaihamishia upande wa kushoto, ikakwama kwenye E, hata lori ligeuzwe vipi. Nikaifunga kwenye kipande cha mbao kirefu, ikayumba kama mlevi. Juu kwenye kioo, mbali na vyuma, ndiko peke yake ilikokuwa na akili, na huko ndiko ilikokatazwa. Nilisema tuing'oe redio. Baba akasema redio si yetu, na tukiing'oa yule mama atauliza kwa nini. Alikuwa na hesabu yake bado, mzee wangu. Alijua kabisa tunaficha nini.

Basi nikawa dira mimi. Kila safari nilikaa kando yake, na kabla ya njia panda nilianza kuzungumza mambo ya kupita: Baba, leo upande wa kushoto kuna mawingu, tukishakata huko tufunike magunia. Naye anakata kushoto. Hatukutajiana kitu. Nilikwenda hata siku ambazo sikuwa na gunia hata moja. Mara mbili nilifika mlangoni kwa yule mjane, nimejipanga kumwambia. Mara zote mbili nilikunywa chai, nikasema mambo ya omena, nikarudi. Kumbuka si kwamba sikuwa na nguvu ya kusema. Kelele nilikuwa nazo za kutosha soko zima. Lakini kumshusha baba yako kwenye usukani kwa mdomo wako mwenyewe, wewe ungeanzaje?

Halafu nikashikwa na malaria. Siku ya safari nilijaribu kuamka, nyumba ikazunguka, nikaanguka tena kitandani. Baba akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimwambia amwambie yule mama lori limeharibika. Akasema yeye si mwongo. Nikamwambia angoje siku mbili. Akasema samaki hawangoji.

"Lala, nyara. Hiyo barabara naijua tangu hujazaliwa."

Nikamwachia. Nililala nikisikiliza lori likitoka langoni kwetu. Lilikata upande wa Muhuru, upande ulio sawa. Nikajiambia, unaona? Nikalala.

Siku iliyofuata hakurudi. Ya pili yake hakurudi. Yule mjane alituma mtu kuuliza, nikamjibu kwamba barabara ni mbaya, mvua. Siku ya tatu asubuhi niliweza kusimama, nikatoa kiti nikakaa kando ya barabara mbele ya lango letu, nimejifunga shuka, nimetazama upande wa ziwa, maana huko ndiko angetokea.

Lori lilitokea nyuma yangu, upande wa mjini. Nililijua kwa mlio kabla ya kugeuka. Lilikuwa linakwenda polepole, magunia yameloa, na limepakwa matope mekundu mpaka kwenye taa. Kwetu udongo ni mweusi. Matope mekundu ni ya milimani huko Kisii, na sijui hata leo alipita wapi, wala nani alimpa chakula. Cha ajabu, kioo cha mbele kilikuwa safi kabisa. Kilikuwa kimepanguswa.

Lilisimama mbele ya lango letu, lango alilolijenga mwenyewe. Baba akashusha dirisha. Nilisimama, nikashika kiti, nimejaa maneno. Nilikuwa namshukuru Mungu na nataka kumfokea kwa pamoja. Yeye akavua kofia. Akanitazama kwa heshima kubwa, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua anasumbua.

Akanisemesha Kiswahili.

"Samahani, mama. Hii barabara inafika Migori?"

Kile Kiswahili kizuri cha Mombasa, cha askari na wateja, cha watu asiowajua. Nilimtazama. Nilisubiri acheke, kwa sababu huko nyuma aliwahi kunitania. Hakucheka. Mkono mmoja ulikuwa unapangusa kioo kwa kitambaa, na mwingine umeshika ile dira, ameigandamiza kiganjani, anangoja jibu langu kwa adabu.

Ningeweza kumwita Baba. Neno lilikuwa hapa, kooni. Lakini ningemwita hivyo, angejua, na angeona haya mbele ya mtoto wake, na sikuwa na njia ya kumwondolea haya hiyo. Basi nikamjibu kwa lugha aliyoniuliza nayo.

"Umefika, mzee," nikasema. "Zima gari."

Akanishukuru, akanitakia baraka. Akazima.